Cherehani Ikirudi, Aurelia Atarudi

Jumanne, 8 Juni 1993

Daftari hili ni malipizi. Wengine wakiungama hupewa Salamu Maria tatu wakaenda zao. Mimi nimepewa daftari.

Padre Egidi alinisikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi. Kisha akasema kila siku niandike nilitaka nini, na nilifanya nini ili nikipate. Halafu nisome mwenyewe. Nikamwuliza kama na yeye atasoma. Akasema Mungu apishie mbali.

Basi naanza na dhambi yenyewe. Naitwa Makarius. Miaka arobaini na saba, darasa la nane, mkazi wa Bombambili. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, napima tumbaku, mpaka nilipopunguzwa mwaka jana. Mwezi uliopita, mke wangu Aurelia akiwa shambani anavuna, nilitoa cherehani yake nyumbani nikampa Mussa, mfanyabiashara wa kutoka Nakapanya. Yeye akanipa robota la mitumba. Siku hizi soko huria. Kila mtu anauza kitu, mimi nikae natazama? Nilijiambia nitawavalisha suruali wanaume wote wa Songea, na Aurelia atapumzika kushona. Robota halifunguliwi kabla hujalichukua, ndiyo desturi yake. Unalipiga kwa kiganja, unalinusa, unamwomba Mungu. Nililipiga. Laini! Nikafurahi.

Tai. Robota zima tai! Mia saba na kitu, na hakuna mbili zinazofanana. Moja ina picha ya bata.

Aurelia alirudi na mzigo wa mahindi kichwani. Akatazama mahali pa cherehani. Akatazama tai. Akauliza: "Zote tai?" Nikamwambia nyingine ni hariri. Akatua mahindi, akafunga nguo zake kwenye kanga, akashika njia ya Likuyufusi kwa baba yake. Leo wiki ya tatu.

Padre alinipa na neno la kwenda nalo. Mtu akitaka jambo kweli, anataka na njia yake. Asiyeitaka njia, hajalitaka jambo. Akaongeza na la pili, lakini magoti yalikuwa yananiuma, sikulishika. La kwanza linatosha. Neno zuri sana! Kama mizani. Huku unaweka jambo, huku unaweka njia, unasoma.

Jumatano, 9 Juni

Nimeamka mapema nikaandika hesabu yangu:

Nataka Aurelia arudi.
Cherehani ikirudi, Aurelia atarudi.
Kwa hiyo lazima nirudishe cherehani.

Nimeisoma mara tano. Haina tundu.

Asubuhi akaja Noela, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mke wa jirani yangu Pankrasi. Kanikumbusha sanamu ya Mama Bikira Maria inafika kwangu Jumapili ya tarehe ishirini. Kila nyumba inakaa wiki moja. Baba anashika mshumaa, mama anaipokea sanamu mlangoni. Mama asipokuwepo, nyumba inarukwa, sanamu inakwenda nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata ni ya Pankrasi. Tayari anapaka chokaa.

Noela akauliza Mama Dorine, yaani Aurelia, yuko wapi. Nikasema anavuna. Akasema mahindi ya wiki tatu hayo ni ya mkoa mzima. Nikaona bora nimweleze. Nikamwonyesha hesabu.

Akasoma, akaniangalia. Akasema: "Baba Dorine, mimi nikipanda basi nafika Mbinga. Sasa basi likiharibika, Mbinga siendi? Si kuna malori? Si nina miguu?" Nikamwambia hapa hatuzungumzii Mbinga. Akasema cherehani kuweza kumrudisha haina maana kwamba ni cherehani tu itakayomrudisha. Nikamwambia mambo ya hesabu yanataka utulivu. Akaondoka ananicheka hadi getini kwake.

Mchana akaja mlamu wangu Remmy, mdogo wake Aurelia, kaleta ujumbe kwa baiskeli. Ujumbe wenyewe: "Dada anasema uje mwenyewe, useme." Nikauliza niseme nini. Remmy akasema hakumaliza. Nikauliza alisema kwa sauti gani. Akasema sauti ya dada.

Nimeufikiria ujumbe huu jioni nzima. Mwanamke hawezi kutuma mtu kilomita zote hizo kwa maneno mepesi namna hiyo. Chini yake kuna jambo. Jambo hilo ni cherehani.

Na kusema ukweli, kule Likuyufusi yuko mama mkwe. Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Unapita pembeni, unatazama chini, unaongea na ukuta. Nikienda mikono mitupu nitaongea na ukuta gani?

Ijumaa, 11 Juni

Nimekwenda Majengo kwa Mussa. Mkewe, Zena, amekaa kibarazani anashona kwa cherehani ya Aurelia. Nimeijua kwa mlio. Miaka ishirini nimelala na mlio ule, niseme nini.

Zena ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Nikampa pole na kazi. Nikasema nimekuja kurudisha tai na kuchukua cherehani. Mussa akasema wallahi yeye hakujua kilichomo, naye ananunua vimefungwa hivyo hivyo, mwaka juzi alipata robota la soksi za mguu mmoja. Zena akauliza tai zote zile atamvisha nani, mbuzi? Akacheka huku ameshika kiuno, akamwambia mumewe amshikilie asije akazaa kwa kicheko.

Nikasema basi atake chochote. Akasema hataki kitu, cherehani imemkalia vizuri, anashona nguo za mtoto.

Nimerudi kwa miguu. Pankrasi alikuwa juu ya kiti anapaka chokaa. Akauliza: "Shemeji hajarudi?" Nikasema yuko njiani. Akauliza njia ya wapi.

Jumamosi, 12 Juni

Akili imenijia. Tai hazina thamani kwa sababu hakuna anayezitaka. Watu wakizitaka, Zena naye atazitaka. Kwa hiyo lazima watu wazitake.

Nimevaa tai tatu kwa wakati mmoja nikazunguka sokoni. Wauza maharage wameniuliza kama nimepata ukuu wa wilaya. Mmoja kaniomba moja, nikajua biashara imeanza. Kafungia gunia! Mwingine, mzee, kaomba ya kumfungia mbuzi. Wa tatu kafunga keria ya baiskeli. Nimegawa kumi na tano bure ili kuanzisha mapenzi.

Jioni mbuzi wa yule mzee kapita mbele ya nyumba yangu na tai ya bata. Imempendeza kuliko mimi.

Jumapili, 13 Juni

Baada ya misa nimemvizia Padre Egidi karibu na sakristia, nikamwomba anirudie lile neno la pili. Akauliza kama la kwanza limenisaidia. Nikasema sana, Padre, halina tundu. Akashtuka kidogo.

La pili ni hili: njia ikianza kula jambo lenyewe, iache. Mtu haendi kuteka maji kwa kuvunja mtungi. Nimeliandika hapa kwa wino mwekundu nikalipigia mstari.

Akauliza kama nimekwenda Likuyufusi. Nikamwambia niko kwenye hatua za mwanzo.

Jumatatu, 14 Juni

Nimegundua kitu kikubwa! Neno la Padre lina mlango wa nyuma. Asiyeitaka njia, hajalitaka jambo. Sawa. Basi mtu ana hiari mbili: ama ashike njia, ama aache kulitaka jambo. Ukiacha kulitaka, hudaiwi chochote!

Kwa hiyo leo, tangu saa tatu asubuhi, simtaki Aurelia. Hesabu imekaa sawa. Moyo mweupe. Nimempungia Pankrasi mkono. Akauliza: "Shemeji?" Nikamwambia simtaki. Akashuka kwenye kiti chake.

Nimejipikia ugali. Umetoka mabonge. Simtaki Aurelia, lakini ugali wake hauna mabonge, hilo ni jambo jingine.

Jioni baridi kali, mkaa umelowa hauwaki. Nimechana karatasi moja ya daftari bila kuitazama, nikawashia moto.

Usingizi umegoma. Nimeketi mahali pa cherehani. Pale ukutani Aurelia huandika vipimo vya wateja kwa penseli. Vya kwangu viko chini kabisa, karibu na sakafu, tangu tulipooana. "M. kiuno 29." Kisha 30. Kisha 32, 34. Mwaka huu 35, na pembeni kaandika: "aache pombe ya komoni."

Hakuna suruali niliyowahi kuvaa kwenye nyumba hii ambayo hakuishona yeye. Hii niliyovaa imechanika nyuma tangu wiki iliyopita na vifungo vimetoka. Nimeifunga kwa tai.

Jumanne, 15 Juni

Namtaka Aurelia.

Jumatano, 16 Juni

Nimefanikiwa!! Naandika haraka.

Asubuhi nimekwenda tena Majengo. Zena hakuwa anashona, amekaa mkekani anajisugua mgongo. Akasema baridi ya Songea siyo ya Nakapanya, inapanda kutoka sakafuni kama maji, na wao wanalala chini. Mkunga kamwambia atafute kitanda. Akasema: "Shemeji, Mussa ananiambia wewe una kitanda cha mninga, amekiona siku ya cherehani. Nipe kitanda, chukua cherehani yako."

Nikafanya hesabu pale pale:

Nataka Aurelia arudi.
Lazima cherehani irudi.
Cherehani itarudi kwa kitanda.
Kwa hiyo kitanda kiende.

Kitanda kile Mzee Mathias, baba yake Aurelia, ndiye alikiranda kwa mkono wake tulipooana. Yeye fundi seremala. Nikakumbuka kwamba Padre alisema neno la pili, kitu kuhusu mtungi. Nimefungua daftari nilitafute. Nimetazama upesi, ukurasa sikuuona. Bila shaka ndio ule niliowashia moto. Basi, nisingeweza kulifuata neno ambalo sinalo.

Mussa ndiye aliyesita. Kaniita pembeni: "Bwana Makarius, mkeo akirudi atalala wapi?" Nikamwambia swali hilo halimo kwenye hesabu. Akasema astaghfirullah, yeye hataki dhambi ya ndoa ya mtu. Zena akamwambia anyamaze, dhambi gani, kwani amekiiba?

Tumekibeba kwa mkokoteni. Pankrasi alikuwa amesimama kwenye michongoma yake kama nguzo. Akauliza kama nahama. Nikasema kinakwenda kupigwa vanishi. Akasema kumbe unamwandalia shemeji! Nikasema ndiyo. Kidogo machozi yanitoke, kwa sababu mpaka hapo niliona ni kweli.

Cherehani imerudi mahali pake. Imependeza. Nimeifuta mafuta.

Nalala sakafuni juu ya tai.

Ijumaa, 18 Juni

Siku ya siku. Naiandika kama ilivyokuwa, maana hii ni maungamo.

Nimefungua kichwa cha cherehani, skrubu nne, nikakifunga kwenye keria kwa tai thelathini. Meza yake ya chuma nikaiacha nyumbani. Tai zile hazikulegea hata moja njia nzima. Bonde la kwanza nikaendesha, la pili nikasukuma, kilima cha mwisho baiskeli ilinisukuma mimi. Nimefika Likuyufusi saa sita na vumbi hadi kwenye kope.

Wa kwanza kumwona ni mama mkwe. Amekaa uani peke yake, anapukuchua mahindi. Nikageuka upesi nikajificha nyuma ya ghala na baiskeli yangu. Nikakaa hapo nusu saa. Kuku walinizunguka wakidhani nina kitu.

Remmy ndiye aliyenifumania. Akapiga kelele: "Dada! Mlamu yuko ghalani na mashine!" Watu wote wakatoka. Mzee Mathias katoka karakanani na penseli sikioni. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akamwambia Remmy aniulize nimekuja kusema nini. Nikasimama vizuri, macho chini, nikaeleza. Cherehani ikirudi, Aurelia anarudi. Cherehani imerudi, hii hapa. Kwa hiyo.

Mama mkwe kaacha kupukuchua.

Aurelia kasema: "Kwa hiyo nini?"

Nikasema kwa hiyo turudi.

"Kwani mimi niliolewa na cherehani?" Akaja karibu. Amekonda kidogo, au mimi ndiye nimesahau. "Baba Dorine, nilikutumia neno dogo. Uje, useme. Umekwenda kuzunguka dunia nzima."

Nikasema dunia gani tena, ni Majengo tu. Nikanyoosha mkono nimwonyeshe jinsi nilivyoifuta cherehani. Hapo ndipo tai ya kiunoni ilipokatika.

Suruali ikashuka. Mbele ya mkwe! Mama mkwe akajifunika kanga usoni akapiga yowe moja la kale. Mimi nikaanguka magoti nikiwa nimeikamata kwa mkono mmoja, na mkono mwingine najipiga kifuani kama niko misani: "Nisamehe mama! Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana!"

Na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikasema yote. Kwamba niliitoa wakati yeye yuko shambani kwa sababu nilijua akiwepo atakataa. Kwamba nilipopunguzwa kazi nilikuwa nasikia mlio wa cherehani kila siku inatulisha, na kila mshono ulikuwa unanichoma mimi. Kwamba nilitaka kuwa mimi ndiye ninayemvika. Kwamba nimesoma vile vipimo ukutani. Nilikuwa naongea na mchanga wala sikumwona mtu.

Nilipoinua macho, Aurelia alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, na mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, sikujua kipi kimeanza. Akasema: "Hilo tu. Wiki nne, hilo tu." Akaingia ndani akatoka na sindano na uzi, akaniambia nisimame nigeuke, akaishona suruali mwilini mwangu mbele ya ndugu zake.

Kwao mke aliyeondoka hajirudishi, baba yake ndiye anayemrudisha. Watakuja Jumapili asubuhi. Cherehani akasema niirudishe nyumbani mahali pake. Akauliza Mussa ameirudisha kwa kitu gani. Nikasema kwa wema. Akasema kumbe mtu mzuri.

Nilikuwa nimeshapanda baiskeli, nimeshasema kwaherini, Mzee Mathias akaniita. Leo kaniita mwenyewe, bila kumpitia Remmy. Akasema: "Mwanangu, umesema kiume. Jumapili nakuja na gundi na nyundo, nikukazie kile kitanda. Aurelia anasema kinalia mguu mmoja."

Jumamosi, 19 Juni

Mbio hadi Majengo alfajiri. Nikamwomba Mussa kitanda kwa siku moja tu, kesho jioni nakirudisha. Mussa kanishika bega, anameremeta. Zena kajifungua usiku! Juu ya kitanda chetu. Mtoto wa kike, wamemwita Nasrin. Nikasema hongera. Nikasema tena kuhusu kitanda. Akasema: "Kaka, mzazi hatolewi kitandani. Ngoja siku ya saba tumnyoe mtoto, Ijumaa, halafu tuongee."

Zena kaniita kutoka ndani. Akasema Mungu anilipe, mgongo umepona, kitanda kama mkono wa mama. Ila anajuta jambo moja tu. Mtoto kaja nguo hazijaisha, na sasa atashonea nini?

Nimerudi nimekaa kwenye chumba kitupu. Kuna njia fupi, naijua, nimeitumia juzi. Ni kusema. Lakini njia ile nilishaitumia mara moja, na suruali imeshashonwa.

Hesabu:

Nataka Mzee Mathias asikose kitanda.
Akikuta kitanda, hatakikosa.
Kwa hiyo lazima akute kitanda.

Haikuandikwa kitanda gani.

Nimekata miti minne ya mkaratusi, nikapigilia fremu, nikaanza kusuka tai. Juu, chini, juu, chini, kama watu wanavyosuka kitanda cha kamba. Tai zimeenea! Nyekundu, bluu, mistari, madoadoa. Kwa mara ya kwanza tangu Mei tai zimepata kazi. Nimemaliza jua linazama. Nimelala juu yake. Kinabeba! Kinanesanesa kama mashua, lakini kinabeba.

Jumapili, 20 Juni

Wamekuja saa tatu. Aurelia kavaa gauni la Pasaka. Mzee Mathias kabeba boksi la vyombo vyake. Nimewakaribisha uani, nikawapa viti, nikawapa chai, nikawapa chai tena.

Saa nne jumuiya ikafika na nyimbo. Noela mbele na sanamu, Pankrasi nyuma na uso wa mtu aliyepaka chokaa bure. Mimi nikashika mshumaa. Aurelia kaipokea Mama Bikira mlangoni kwetu, mikono yake yote miwili, na watu wakaimba, na nikaona kwamba kila nilichokitaka tarehe tisa kimesimama mbele yangu. Tumeiweka sanamu juu ya meza ya cherehani, karibu na dirisha. Nimelia. Nta imenidondokea kidoleni na sikusikia.

Watu wakiwa wanapiga magoti kwa rozari, Mzee Mathias akachukua nyundo, akaingia chumbani.

Sauti ya nyundo haikuja.

Tukasali fungu la kwanza. La pili. Kwenye la tatu Aurelia akainuka akaingia naye. Nikawafuata na mshumaa wangu. Mzee amesimama mbele ya kile kitanda. Kakibonyeza kwa kidole kimoja. Kikanesa. Akavuta tai moja, akaipindua, akasoma lebo yake. Kisha akauliza taratibu: "Cha mninga kiko wapi?"

Aurelia hakukitazama kitanda. Alinitazama mimi. Akasema kwa sauti ya chini ili wanaosali wasisikie: "Baba Dorine. Kama lipo la kusema, sema sasa. Mimi nipo. Neno dogo tu."

Nikafungua kinywa. Lilikuwa kwenye ulimi, naapa. Nimekosa mimi. Nilishaujua utamu wake.

Nikasema kiko kwa fundi, kinapigwa vanishi.

Pankrasi, ambaye hakuitwa, akachomoza kichwa mlangoni akasema ni kweli, alikiona kwa macho yake kikiondoka kwenye mkokoteni. Sijawahi kumpenda jirani kama wakati ule.

Mzee akafunga boksi lake. Akasema vanishi ya siku hizi yeye haiamini, Jumapili ijayo atakuja aikague. Aurelia akarudi kupiga magoti. Akasali mafungu yaliyobaki kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni, wageni wameondoka, kaniambia mambo mawili. La kwanza, sanamu ikiwa ndani mama wa nyumba haondoki, kwa hiyo wiki hii yupo. La pili, akiondoka mara ya pili, Remmy hataleta ujumbe. Kisha kajilaza kwenye tai. Kitanda kikanesa. Nikasikia anacheka gizani, kidogo, halafu akanyamaza. Sasa amelala. Nimemfunika.

Nimekaa mezani na daftari. Nimelisoma lote tangu mwanzo, hata ule ukurasa wa wino mwekundu, kumbe haukuungua, kama Padre alivyoagiza, na nimejifunza mengi. Kosa langu lote lilikuwa papara. Sikuipa hesabu muda wa kutosha. Sasa nina siku saba kamili.

Nataka kitanda kirudi.
Zena hawezi kuachia kitanda bure, lakini ana mtoto mchanga na hana cherehani.
Cherehani ikienda, kitanda kitarudi.

Nimeisoma mara tano. Haina tundu.

Ijumaa mtoto ananyolewa, kitanda kitakuwa huru. Ijumaa hiyo hiyo Aurelia anakwenda shambani kumalizia mahindi, kaniambia mwenyewe. Sanamu nitaihamishia juu ya kabati kwa heshima zote.

Skrubu ni nne tu, na safari hii nazijua.